Samaki ya Kuweka kwa Kioo

Migori, 26 Agosti 2024

Mama,

Milka amenipata hapa kazini, dukani agrovet, na amenipa omena yako. Asante. Ilikuwa imekauka vizuri, haina mchanga hata kidogo.

Emmaculate ana swali, na amekataa niulize mtu mwingine ila wewe, Dani yake, nyanya yake wa Sindo. Kuna kioo cha samaki kwa nyumba. Si kikubwa, kinatoshana na sanduku la mtoto wa boding. Chini kuna changarawe, na kuna majani yamepandwa ndani ya maji, tayari yameshika mizizi. Kuna kamashine ka kupiga mapovu. Samaki ndio hakuna. Wale wa kwanza waliletwa kutoka Nairobi na wote walikufa.

Mimi ni mtu wa mlima, samaki nawajua kwa sufuria tu. Emma anauliza: ni samaki gani wa ziwa wanaweza kukaa pamoja mahali padogo hivyo, wasimalize majani, wasipigane?

Ile habari ya Desemba nimeisikia. Nitaangalia.

Kezia


Sindo, 4 Septemba 2024

Kezia, bibi ya Austine,

Anayeandika ni Eucabeth, yule anachajia watu simu hapa kando ya soko. Mimi nasema tu. Nimemwambia aandike vile inatoka mdomoni, asinitengenezee. Yeye anapenda kuweka "kwa hayo machache." Mimi sina machache. Andika hiyo pia, Eucabeth.

Simu nimeachana nayo. Nikipiga unaangalia namba yangu mpaka inyamaze yenyewe, halafu kesho unasema ati kulikuwa na wateja. Wateja gani hao wa dawa ya kupe saa ya chakula? Barua ni afadhali. Milka anakuwekea mkononi hapo agrovet na anasimama kama askari mpaka ujibu. Na ni Kiswahili tutatumia, kwa sababu Dholuo ulikataa kujifunza miaka yote ulikaa na mtoto yangu, na mimi Kikuria sitaanza sasa na hii meno imeniisha.

Lakini nimefurahi. Kwa nini nifiche? Eucabeth alipofika hapo kwa kioo nikamwambia soma tena. Ni ile Austine alikuwa anasema! Wakati alikuwa anakata vioo vya madirisha huko Migori alikuwa ananiambia, "Mama, vile vipande vinabaki nitaunganisha, nimtengenezee Emma ziwa ndani ya nyumba." Mimi nikamcheka. Nikasema sisi huku tunaomba Mungu ziwa isiingie kwa nyumba, mwaka ile ilikula nyumba zote za beach ulikuwa wapi? Yeye akacheka tu ile kicheko yake ya puani. Kumbe alimaliza kuunganisha. Alimaliza na hakuniambia, kifo ikampata. Chunga hiyo kioo, Kezia. Mtu asiweke sufuria juu yake.

Sasa samaki. Watu wanafikiri samaki ni samaki. Ngoja nikuambie.

Ngege, hiyo mnaita tilapia, hapana. Mtoto atapenda vile inafungua mdomo, lakini ngege ni ng'ombe. Hayo majani mmepanda, Jumapili haitafika. Na inakua. Leo ni kidole, kesho inataka kitanda.

Mbuta, hiyo wengine wanaita sangara, usitaje kwa hiyo nyumba. Hata ikiwa ndogo kama njiti ya kiberiti, roho yake ni ile ile. Mimi nikiwa msichana mama yangu alikuwa anatoa maji ya kuoga hapa Sindo, ndoo inatoka na fulu ndani, ya bluu, ya njano, ingine nyekundu kama gauni ya harusi. Tulikuwa tunadharau, tunasema ni mifupa tu, tunapatia watoto. Halafu mbuta ikaja ikala zote. Leo watu wanajazana huko kisiwa ya Remba, mtu amelala juu ya mtu, wanagombania omena. Sasa nimesahau nilikuwa nasema nini. Eucabeth anasema mbuta. Mbuta hapana.

Mumi, hiyo kambale, itachimba chini ing'oe kila kitu, maji iwe kama chai ya maziwa. Kamongo hiyo inapumua hewa kama wewe, usiku mtaikuta kwa korido.

Imebaki fulu na adel. Fulu zingine bado ziko, kwa mawe. Dume yake ni maridadi, lakini ni mbaya. Ikishapata mahali inasema hii yote ni yangu. Inachimba shimo, inapiga wengine mpaka magamba inatoka. Kwa ziwa mwenye amepigwa anakimbia. Kwa kioo atakimbia aende wapi? Na jike wake, Kezia, watoto anaweka ndani ya mdomo. Halili. Anakonda mpaka kichwa inakuwa kubwa kuliko mwili, na yule bwana wa rangi anazunguka tu akionyesha nguo.

Kwa hivyo nachagua adel. Ni kadogo, kanang'aa kama shilingi mpya, kana doa nyeusi ubavuni. Hakali majani, kanalamba tu uchafu yenye imeshika juu. Kanakula mayai ya mbu, kanakula unga. Lakini usiweke moja. Adel moja inakufa na woga. Zinatembea kikundi kama akina mama wa kanisa, moja ikigeuka zote zinageuka.

Mimi nimefanya yangu, na wewe ufanye yako. Tarehe kumi na nne Desemba tunaweka simiti kwa kaburi ya Austine. Kaburi ya baba haiwekwi simiti mtoto akiwa hayuko, watu watasema alikufa bila kuacha damu. Lete Emmaculate. Akae na mimi mpaka shule ifunguliwe.

Mimi,
Phelesia, mama Austine


Migori, 16 Septemba 2024

Mama,

Nimemsomea Emma yote. Amecheka sana kwa kamongo ya korido. Lakini aliposikia adel hawana rangi amenuna. Anauliza, hata fulu mmoja tu wa bluu, wengine wawe adel? Nimemwambia nitauliza, kwa hivyo nauliza.

Kuhusu kioo, Mama, tutaongea siku moja.

Desemba bado iko mbali. Shule yao siku hizi ina masomo ya ziada.

Kezia


Sindo, 25 Septemba 2024

Kezia, bibi ya Austine,

Masomo ya ziada Desemba? Wanafundisha Krismasi? Haya. Nimenyamaza.

Mwambie Emmaculate fulu hapana, na Dani yake ndiyo amesema. Huwezi weka dume moja kama hiyo na watu wapole ukatarajia amani. Atapiga adel mpaka zibaki mifupa, na yeye mwenyewe akae hapo katikati ya majani, mzuri, peke yake. Rangi inachosha macho. Akae na adel jioni moja, jua ikiingia kwa dirisha, halafu aniambie kama haina rangi.

Nimezishika mwenyewe. Nilienda pale kwa mafunjo, nikaingia mpaka magoti na hii miguu yangu ya kuvimba, nikatumbukiza sufuria na ugali ndani, nikangoja. Jared, mwenyekiti wa beach, akaja kusimama nyuma yangu na tumbo yake.

"Mama Austine, hiyo hata paka ya Sindo inakataa."

"Siyo ya kula. Ni ya kuangalia."

"Mtu anaangalia adel?"

"Mjukuu yangu anaangalia. Wewe hata bibi yako hakuangalii."

Watu wakacheka mpaka mmoja akaangusha kasia. Jared akasema basi, nishike haraka kabla hajaniomba leseni. Lakini akashuka akanishikia mkono nikitoka kwa maji, hiyo nimpatie.

Nilichagua, Kezia. Sikubeba tu. Zenye zilikuwa na jeraha nikarudisha, zenye zilikuwa na tumbo kubwa ya minyoo nikarudisha. Nikabaki na zile zinakimbia kama zina akili. Nikasema hii inaenda kukaa kwa mikono ya Austine, isiwe na aibu.

Sasa sikiza, usiharibu. Milka ana jerikeni imekatwa juu. Maji ni ya ziwa. Usimwage zote mara moja kwa maji ya mfereji, zitakufa macho ikiwa wazi. Chota maji ya kioo kidogo, tia kwa jerikeni, ngoja. Tena kidogo, ngoja. Samaki lazima aonjeshwe mahali anaenda. Na kwa sababu najua wewe una haraka, nimemwambia Milka safari hii asikuachie hapo agrovet. Aende na wewe mpaka nyumbani, atie kwa kioo mwenyewe, aone zikiogelea, ndiyo aniletee habari.

Mimi,
Phelesia, mama Austine


Migori, 30 Septemba 2024

Mama,

Wamefika wote wazima. Emma amewapa majina, na mmoja anaitwa Dani kwa sababu hatulii. Jioni jua liliingia kwa dirisha vile ulisema. Aliita kila mtu aje aone.

Milka hakukaa kunywa chai. Najua ni kwa nini.

Mama, kuna jambo nilikuwa nataka ulisikie kutoka kwangu.

Kezia


Sindo, 3 Oktoba 2024

Kezia,

Sikuisikia kutoka kwako. Niliisikia kutoka kwa Milka, na Milka aliniambia akiwa ameangalia chini, akichambua omena yenye haikuwa na uchafu.

Ati mlango ilifunguliwa na mwanaume. Ati anaitwa Mokaya. Ati amevaa taulo begani kama mtu ametoka kuoga kwake, na viatu vyake viko hapo mlangoni, vimezoea. Akamkaribisha Milka kiti! Milka, mwenye alimbeba Austine mgongoni! Na Milka alipokuwa anamimina adel, huyo mwanaume akapiga kioo na kidole, akasema kwa kujivunia, "Mama, hii ni kazi ya mikono yangu. Niliunganisha mwenyewe, na majani nilienda kutoa mtoni." Milka akauliza, "Siyo ya Austine?" Akasema, "Austine ni nani?" halafu akakumbuka, akaomba msamaha.

Na wewe una tumbo. Milka ana macho.

Eucabeth ameweka kalamu chini, anasema nipumue. Chukua kalamu, Eucabeth, nitapumua nikimaliza.

Mimi nimesimama kwa maji, beach yote inanicheka, nikimchagulia mwanaume mwingine pambo ya kuwekea wageni. Nilikuwa nasema na hizo samaki! Nikiwa peke yangu hapo kwa mafunjo nilikuwa nawaambia, mkifika mwangalie mtoto wa Austine. Na wewe ulikuwa unasoma barua yangu, unanyamaza. "Tutaongea siku moja."

Sasa nikuambie vile iko, kama umesahau. Ng'ombe za mahari zilitoka hapa Sindo zikaenda mpaka kwa boma ya baba yako Werema. Zilitembea, watu waliona. Werema akazihesabu, akazipiga mgongo, akakubali. Kwa hivyo wewe ni bibi ya kaburi, bwana amekufa lakini ndoa iko. Kwetu hata hiyo ya tumboni ni ya Austine, huyo Mokaya ni mtu wa kupita. Uliza hata wazee wa Kikuria kama ng'ombe ikishaingia mtoto anaenda wapi. Watakuambia kitu moja na mimi.

Milka anakuja tena. Ana jerikeni ile ile. Nataka adel yangu yote irudi. Nilishika kwa ajili ya nyumba ya mtoto yangu, siyo nyumba ingine. Huyo Mokaya kama ana mikono hodari hivyo ajishikie.

Na Desemba sikuombi tena. Kama hujaleta Emmaculate kabla ya simiti, nitamtuma Levi amchukue. Levi ni ndugu ya baba yake, ana haki.

Phelesia, mama Austine


Migori, 14 Oktoba 2024

Mama Austine,

Umetaja Levi. Mimi sikutaka kumtaja kwa barua yoyote, lakini wewe umetaja.

Siku ya nne baada ya mazishi, udongo bado umelowa, ulimleta Levi kwa mlango wangu. Alikuwa amebeba godoro, amekuja kunirithi. Wewe ulikuwa mbele yake na taa. Ulisema, "Kezia, fungua, ni kawaida tu, kesho utakuwa umeshasahau." Nilisukuma meza kwa mlango na nikakaa juu ya meza hiyo mpaka asubuhi, Emma mapajani, nimemziba masikio. Ulirudi mara mbili. Asubuhi nilitoka na mtoto na mkoba mmoja. Watu wa Sindo wanasema nilimkimbia Austine. Austine nilimlilia. Nilikimbia lile godoro.

Mokaya nilikutana naye mwaka uliofuata. Alikuwa mteja wa mbegu. Hajawahi kuniinulia sauti. Emma anamwita kwa jina lake, hamwiti baba, na yeye hajawahi kudai.

Kioo sikusema ni cha Austine. Wewe ulisema, na ulifurahi hivi kwamba nikashindwa mahali pa kuanzia. Hilo ni kosa langu na nalibeba. Lakini kwa barua zako zote hukuniuliza hata mara moja nimeishi vipi. Uliandika ni samaki gani watamaliza majani.

Ng'ombe ziko kwa baba yangu. Nenda mkaongee naye. Emma si ng'ombe.

Samaki hao hapa na Milka, wote. Emma mwenyewe amewatoa na kikombe, mmoja mmoja, hakuna aliyeumia. Alichukua muda mrefu kwa sababu walikuwa hawamwogopi tena, walikuwa wanakuja kwa vidole. Hakulia. Alipomaliza aliniuliza kama Milka akirudi na jerikeni kubwa zaidi itakuwa ni ya kumbebea yeye. Tangu siku hiyo akisikia mlango ukigongwa anaingia chini ya kitanda.

Sitamleta Desemba. Na akija Levi, polisi pia wako Migori.

Kezia Werema


Sindo, 30 Oktoba 2024

Kezia,

Nimechelewa kujibu. Eucabeth alinisomea barua yako mara moja tu, nikamwambia aikunje.

Habari ya Levi sitajibu. Ilikuwa kawaida. Mimi pia baba Austine alipokufa waliniletea mtu na taa, na mama mkwe alisema maneno hayo hayo, na mimi nilifungua. Hakuna mtu aliniambia kuna meza inaweza kusukumwa. Eucabeth, usiangalie mimi, andika.

Adel zilifika. Nilibeba mwenyewe mpaka pale kwa mafunjo. Jared alikuwa hapo. Nikainamisha jerikeni, nikasema haya, nendeni kwenu.

Hazikuenda.

Zilitoka, zikasimama kando ya miguu yangu. Kikundi yote. Nikatingisha maji zikimbie, zikakuja karibu zaidi, zikawa zinagonga vidole vyangu na midomo, zinangoja unga. Mtoto alikuwa amewazoesha mkono. Kwa mwezi moja hata haijafika! Mimi nikapiga maji na fimbo, nikawatukana. Wakaenda kidogo wakarudi. Halafu ile ndege ya kuvua, yenye ina nyeusi na nyeupe, inasimamanga hewani kabla ya kuanguka, ikaona. Ilianguka mara ya kwanza ikachukua moja. Zingine hazikujificha. Ilirudi ikachukua ingine. Ikaita na mwenzake. Mimi nilikuwa napiga kelele na kurusha fimbo, mwanamke mzima, na Jared akaingia kwa maji na viatu yake akijaribu kuifukuza na kofia. Wapi. Zilichukuliwa hapo hapo kwa miguu yangu mpaka maji ikabaki tupu.

Zilikuwa zangu. Nilikuwa na haki ya kuzirudisha, na hata leo mtu akiniuliza nitasema nilikuwa na haki.

Levi nimemwambia asitoke hapa. Alikuwa ameshaweka nguo kwa mfuko. Amekasirika, ati mimi ndiyo nilimwambia na mimi ndiyo nakataza. Akasirike.

Simiti itawekwa tarehe ile ile. Watu watasema yenye watasema. Usikuje na usimtume mtoto. Mwambie atoke chini ya kitanda, hakuna jerikeni inakuja. Mwambie ni Dani amesema, yeye mwenyewe, siyo wewe unamdanganya.

Mokaya sitamsalimia. Hiyo ya tumboni mpatie jina mnataka, mimi sitauliza ni ya nani. Usifikirie nimekusamehe. Kaburi ya mtoto yangu itakuwa na simiti na haina mtu wa kusimama juu yake akisema baba, na hiyo ni wewe. Lakini sitaki mtoto wa Austine akae kwangu akisimama kwa mlango akingoja mkono ya mtu mwingine.

Kama analilia samaki, huyo bwana yako ashike ndoo aende Mto Migori, hapo chini ya daraja penye maji inapunguza mbio, jioni, na ugali kidogo kwa sufuria. Adel iko hapo, nyingi, wale wale. Iko hapo siku zote. Haikuwa lazima itoke kwangu.

Phelesia